Kabla Hujamjibu Afisa Elimu

Mwanangu, somo wa mama yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya gari nje ya kazini, ya pili jikoni, ya tatu nimekaa kitandani viatu sijavua. Ulipofika pale uliposema "Baba, wananishusha," nikazima simu. Sikutaka kukujibu kwa sauti, maana nikianza kusema natoka nje ya mada, wajua mwenyewe. Basi nakuandikia. Uisome taratibu, na mama yako akiwa karibu umsomee.

Kwa hiyo wanakutoa kwenye umakamu wa ile shule kubwa ya mjini, uende kuwa mkuu wa shule ya kata. Tena kata yetu, shule ile ile mliyoingia kidato cha kwanza madirisha hayana vioo, na maabara ni chumba kilichofungwa kufuli mwaka mzima. Unasema walimu wenzako wanakupa pole badala ya hongera. Unasema hukusoma shahada ya pili ili urudi ulikoanzia.

Ngoja nikwambie habari za mama mmoja wa huku. Nilimwona kwa macho yangu, ingawa kwa mbali.

Mei 2019 jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, aliniomba niwapeleke kwenye mahafali ya binti yake. Tulitoka Houston alfajiri, tukashika barabara ya 290 kwenda kaskazini magharibi, kama maili 50, hadi Prairie View. Mji mdogo mno, ungeupita usijue kama umeupita, isipokuwa una chuo kikuu. Jua la Texas la mwezi wa tano si la mchezo. Tumekaa, tumejifunika vichwa kwa zile karatasi za ratiba, mara jirani akanigusa bega: "Angalia, papa, njo ule. Njo mkubwa wa chuo." Mama wa makamo ya bibi, amevaa joho, amesimama wima. Mimi, kwa ugonjwa wa kazi yangu, nikatazama kwanza joho. Lilikuwa limepigwa pasi sawasawa.

Nilikuwa sijui kwamba pasi ndiyo habari yenyewe.

Anaitwa Ruth Simmons. Amezaliwa 1945 huko Grapeland, mashariki mwa Texas, kitinda mimba katika watoto 12. Wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, na mgawanyo wa namna hiyo unaujua: mwenye shamba hakosi, mlimaji hatoki kwenye deni. Baadaye wakahamia Houston, mtaa wa Fifth Ward. Baba akapata kazi kiwandani, na mama, Fannie, akawa anafanya usafi katika nyumba za Wazungu na kupiga pasi nguo za watu.

Ruth amesimulia kwamba alikuwa akikaa akimtazama mama yake anapiga pasi saa kwa saa, na akiona kwamba maisha gani haya. Alipokuwa mtu mzima ndipo akaelewa alichokuwa akikitazama. Akasema alichotamani ni kuifanya kazi yake vizuri kama mama yake alivyoipiga pasi ile.

Hapo nilisimama nikaisoma tena. Wewe unajua napiga pasi mashati ya watu ambao siwajui sura. Kola kwanza, kisha mabega, mikono, kifua, halafu unarudi kwenye kola kwa sababu umeshaishikashika. Hakuna anayekwambia urudi kwenye kola. Msimamizi haoni, mteja haoni. Unarudi tu. Kwa miaka yote hii sikuwahi kusikia mtu mkubwa akisema kwamba amejifunza kitu kwa mpiga pasi.

Mama yake alifariki Ruth akiwa na miaka 15. Hakumwona hata akimaliza sekondari. Walimu wake ndio waliomshika mkono, mpaka nguo za kwendea chuo zikatoka kwenye makabati yao. Akapata ufadhili wa kusoma Dillard, New Orleans, akamaliza 1967.

Sasa Dillard ni katika vile wanavyoviita vyuo vya kihistoria vya Watu Weusi. Uelewe maana yake, kwa sababu kwetu hakuna mfano wake. Enzi za utumwa majimbo mengi ya kusini yalipiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma. Utumwa ulipokwisha, 1865, milango ya vyuo vya Wazungu ikabaki imefungwa, basi vikaanzishwa vyao: vingine na makanisa, vingine na serikali za majimbo zilizotaka Weusi wasome, ila wasomee pembeni. Sheria ya mwaka 1965 inavitambua vile vilivyokuwepo kabla ya 1964. Viko kama mia moja. Prairie View ni cha serikali ya Texas, kiliundwa 1876, na kilijengwa mahali palipokuwa shamba la watumwa lililoitwa Alta Vista. Wanafunzi wa mwanzo kabisa walikuwa wanane.

Unamkumbuka bibi yako alivyoiita ile shuka nyeupe nzito isiyo na rangi? Merikani. Ulikuwa mdogo, ukamuuliza kwa nini inaitwa hivyo, akasema ndiyo jina lake, basi. Jina hilo lilikuja na meli za wafanyabiashara wa Kimarekani, wa bandari ya Salem, zilizotia nanga Unguja katika karne ya 19. Kitambaa kilifumwa viwandani kaskazini mwa Marekani kwa pamba ya kusini, na pamba hiyo walilima watumwa. Bibi yako amelala miaka yote juu ya jasho la watu wale na hakuna aliyemwambia. Nami nimekuja kuyajua haya nikiwa nimeshika pasi Houston. Haya, nimeshaanza kutoka nje ya mada hata kwa maandishi.

Baada ya Dillard, Ruth akaenda Harvard, akapata udaktari wa falsafa 1973 katika fasihi ya lugha zilizotokana na Kilatini, Kifaransa hasa. Akafundisha hapa na pale, akapanda uongozi katika Chuo Kikuu cha Princeton, halafu akaenda Spelman, Atlanta, chuo cha wanawake Weusi, akiwa mkuu wa taaluma chini ya Johnnetta Cole. Huyo Cole naye usimpite haraka. Spelman kilianzishwa 1881 kwa ajili ya wasichana Weusi, na ilichukua miaka 106, mpaka 1987, kumweka mwanamke Mweusi kwenye kiti cha juu. Chuo chao wenyewe! Ukisikia watu wanashangaa kwamba shule ya kata inapewa mkuu mwanamke, wakumbushe hesabu hiyo.

Mwaka 1995 akawa rais wa Smith, chuo cha wanawake huko Massachusetts, na akaanzisha pale programu ya uhandisi, ya kwanza katika chuo cha wanawake Marekani. Mwaka 2001 akawa rais wa Brown. Magazeti yakaandika: Mweusi wa kwanza kuongoza chuo chochote kati ya vile vinane vikongwe vya Ivy League. Mimi neno "wa kwanza" siku hizi silipendi sana. Linamsifu mtu na papo hapo linawasamehe waliokuwa wamefunga mlango. Kinachonigusa ni alichokifanya alipokwisha kaa. Mwaka 2003 akaunda kamati kuchunguza namna chuo hicho hicho kilichomwajiri kilivyofaidika na biashara ya watumwa. Ripoti ikatoka 2006, na ikaweka wazi kwamba watu wa familia ya Brown, ambayo chuo kimebeba jina lake, walipeleka meli ya watumwa Afrika Magharibi mwaka 1764, mwaka ule ule chuo kilipoanzishwa. Fikiria umealikwa kwenye nyumba ya watu, umepewa kiti cha mbele, halafu unauliza, jamani, nyumba hii ilijengwa kwa fedha gani? Na hukufukuzwa. Alikaa mpaka 2012.

Akastaafu. Akarudi Houston.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wewe ulipo. Mwaka 2017, ana miaka 72, akaombwa ashike Prairie View kwa muda. Kutoka Brown, yenye mabilioni ya dola kwenye akiba, kwenda chuo cha serikali ambacho kwa vizazi kilipewa makombo ya bajeti, chenye vijana wengi ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Sijui kama naye alipewa pole. Lakini alikubali, na kabla mwaka haujaisha akakubali kuwa rais kamili.

Mwaka 2020 tajiri mmoja, MacKenzie Scott, akakipa chuo dola milioni 50, zawadi kubwa kuliko zote kilizowahi kupata. Ungedhani kitajengwa kibanda chenye jina la mtu. Rais akatenga milioni 10 kati ya hizo kwa wanafunzi waliokwama kwa sababu ya korona, wasije wakaacha masomo kwa deni la ada. Binti wa jirani alikuwa keshamaliza, ila mdogo wake alikuwa anasoma pale, na siku waliposoma tangazo lile baba mtu alikuja kugonga mlango wangu na ndala mguu mmoja.

Wewe unafikiri cheo ni ngazi: ukipanda huteremki. Mimi naona mama huyu alipeleka Prairie View kila kitu alichokipata kule juu. Alijua namna ya kuongea na matajiri, namna ya kusoma bajeti, namna ya kuketi na wakubwa asibabaike. Huo umakamu wako miaka sita umekufundisha nini? Umekufundisha kupanga ratiba ya walimu 60. Umejua kuandika barua kwa Mkurugenzi ikajibiwa. Umejua fundi gani anakula saruji. Pale kwetu nani anajua hayo? Sisemi uende kwa kuwa ni kwenu. Kwenu pana watu watakaokuomba umwingize mtoto wao, umpe mjomba zabuni ya madawati, na ukikataa watasema umesahau ulikotoka. Uende, ukienda, kwa kuwa unaijua kazi.

Lakini kuna jambo moja katika habari ya mama huyu ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika, na ungeona watu hawalitaji sana wanapomsifu.

Mwaka 2022 alitangaza kwamba ataachia kiti, na ilitarajiwa abaki mpaka mrithi wake aingie, katikati ya 2023. Hakubaki. Februari 2023 aliondoka, na alieleza wazi sababu yake: alikuwa amewekewa mipaka kwenye mamlaka yake katika miezi ile ya mwisho, naye hakuwa tayari kubeba jina la rais akiwa na sehemu tu ya mamlaka ya rais. Ana miaka 77, miezi imebaki michache, angeweza kunyamaza akamaliza kwa keki na picha. Akaenda zake.

Ndiyo maana nasema usimjibu Afisa Elimu leo. Usikubali kwa hasira, wala usikatae kwa hasira. Nenda ofisini kwake, kaa, muulize mambo. Sahihi ya benki ya shule: atabaki nayo mkuu anayeondoka kwa "kipindi cha mpito", au utaingia wewe mara moja? Walimu wawili wa sayansi unaowataka, utaruhusiwa kuwaomba au utaletewa orodha? Bodi ya shule imekutana lini mara ya mwisho, na muhtasari wa kikao chao uko wapi? Ule ufunguo wa maabara uko kwa nani? Andika majibu yake mbele yake, kwenye daftari, aone unaandika.

Akikupa kalamu pamoja na kiti, nenda, na sitaki kusikia tena hilo neno la kushushwa. Akikupa kiti peke yake, mshukuru kwa heshima, rudi mjini ukapange ratiba yako.

Shangazi yako mwambie shikamoo yangu, na kwamba ile dawa ya miguu nimempa mtu anayesafiri mwisho wa mwezi. Mama yako nitaongea naye mwenyewe. Nimekutumia shati mbili nyeupe za mikono mirefu, mteja alizitelekeza mwaka mzima na bosi akasema tuchukue. Usizipige pasi zikiwa kavu. Zinyunyizie maji kidogo, uanze na kola.

Jumapili nitakupigia saa mbili usiku, saa za kwenu. Uwe umeshamwona.

Baba yako,
Houston