Ulinzi wa sarafu usiishie mlangoni mwa maonyesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaandikie ndugu zetu wanaoishi Marekani na Ulaya, hasa wale waliorithi sarafu za zamani kutoka kwa babu na bibi zao na ambao sasa wanazipeleka kwenye maonyesho ya wakusanyaji ili zithaminiwe au ziuzwe. Nimehudhuria maonyesho hayo kwa miaka mingi, na kinachonisikitisha ni kuona watu wetu wakiingia na kutoka bila kujua wamebeba nini.

Mwaka jana kijana mmoja wa nyumbani alisimama kwenye meza ya muuzaji, akatoa mfukoni leso iliyopigwa fundo, na ndani yake mkiwa na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ile yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Sarafu hizo zilipigwa Tabora mwaka 1916, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati meli za Waingereza zilipokuwa zimefunga bahari na Wajerumani hawawezi kuletewa fedha kutoka kwao. Zilitoka kama 16,000 hivi tu. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi. Muuzaji aliiweka kwenye mizani, akamtajia kijana bei ya dhahabu tupu, ilhali kwenye minada sarafu hiyo huuzwa kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Nilimvuta pembeni nikamsihi asiuze kwanza. Akanisikiliza, akaifunga tena katika leso, akaitia kwenye mfuko wa shati mbele ya watu waliokuwa wamekwisha kuiona, akatoka peke yake kuelekea maegesho ya magari. Nilimfuata mbio nikamsindikiza mpaka garini.

Nilikimbia kwa sababu ndani ya ukumbi kwa kawaida hakuna la kuogopa sana: kuna askari, kamera, vitambulisho vya kuvaa shingoni, na chumba cha kuhifadhia mali usiku. Wezi wa sarafu wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wao husubiri nje. Humfuata mtu hadi kituo cha mafuta, hotelini au kwenye mgahawa, na wakati anakula wanavunja kioo cha gari na kuondoka na mkoba. Hapa Marekani kipo kituo kiitwacho Numismatic Crime Information Center, kilichoanzishwa na Doug Davis, aliyekuwa polisi wa Texas, ambacho hukusanya na kusambaza taarifa za wizi wa namna hii. Mali yenyewe ni ndogo mno kwa umbo: mwaka 2021 sarafu moja ya Marekani ya mwaka 1933, isiyojaza kiganja cha mtoto, iliuzwa New York kwa dola milioni 18.9. Na sarafu ya dhahabu ikiangukia mikononi mwa mwizi asiyeijua, huenda ikayeyushwa siku hiyo hiyo, na tembo wa Tabora akapotea milele.

Ninawaomba wenzangu waweke kumbukumbu kabla ya kutoka nyumbani. Mwaka 1962 mkusanyaji George Walton alifariki katika ajali ya gari akiwa njiani kwenda kwenye maonyesho huko North Carolina, akiwa na sarafu ya senti tano ya mwaka 1913 ambayo ziko tano tu duniani. Familia yake iliambiwa ni ya bandia, na dada yake akaiweka kabatini. Ilikaa humo hadi mwaka 2003, ilipowekwa pamoja na zile nne mjini Baltimore na kuthibitishwa kuwa ni halisi. Miaka kumi baadaye iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.1.

Basi piga picha pande zote mbili, pima uzito, na nakala mwachie ndugu unayemwamini. Usiisugue kwa ndimu na majivu ili ing'ae, kwani utakuwa umeipunguzia thamani kwa mkono wako mwenyewe. Soma mkataba wako wa bima ya nyumba, maana hapa Marekani nyingi huweka kikomo cha dola 200 tu kwa sarafu. Siku ya maonyesho nenda na mwenzako, vua kitambulisho kabla ya kutoka ukumbini, na usisimame popote njiani ukiwa na mzigo. Vyama vyetu vya Watanzania na Wakenya ughaibuni vingefanya jambo jema kuwapangia wazee watu wa kuwasindikiza.

Kijana yule alinipigia simu usiku ule kuniambia amefika salama. Sarafu yake sasa imo katika sanduku la benki, na picha zake anazo mama yake, Tabora.

Wako,
Msomaji na mkusanyaji wa sarafu,
Maryland, Marekani