Pointi 25 kwa mechi hazikuwa dawa ya Iowa

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua tuizungumzie timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa. Waswahili wa Iowa City na Coralville, wengi wao wenye asili ya Kongo, wana watoto wanaokua na mchezo huu, na kila ubutu wa ile timu unapotajwa, mazungumzo huishia kwenye jina moja: Brian Ferentz. Kutafuta mchawi ni rahisi. Kujua kwa nini mpira haukusogea ni kazi nyingine.

Kwanza kumbukumbu. Kirk Ferentz anainoa Iowa tangu 1999. Brian ni mwanawe, na alikabidhiwa ukocha wa mashambulizi mwaka 2017. Msimu wa 2022 timu ilimaliza nafasi ya 130 kati ya timu 131 kwa yadi za mashambulizi: wastani wa yadi 251.6 na pointi 17.7 kwa mechi. Februari 2023 mkataba wa Brian ukarekebishwa. Mshahara ulishushwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000, na akawekewa masharti mawili: timu ipate wastani wa pointi 25 kwa mechi na ishinde angalau mechi 7, la sivyo mkataba unakufa Juni 30, 2024. Oktoba 30, 2023, Iowa ikiwa imeshinda mechi 6 na kupoteza 2 tu, kaimu mkurugenzi wa michezo, Beth Goetz, akatangaza kwamba Brian angeondoka msimu ukiisha.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye hesabu yenyewe. Zile 25 zilijumuisha pointi zote za timu, hata za walinzi. Beki akinasa pasi ya mpinzani na kukimbia nayo hadi mwisho wa uwanja, kocha wa mashambulizi anaandikiwa pointi akiwa amekaa. Ni kama straika kulipwa bonasi kwa bao la kujifunga la wapinzani. Na Iowa, chini ya kocha wa ulinzi Phil Parker, walikuwa na walinzi wa kufunga kweli. Mechi ya kwanza ya 2022 waliifunga South Dakota State 7-3 bila tachidauni hata moja, yaani bila kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani: mkwaju mmoja wa pointi 3, na mara mbili walinzi walimkamata mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe, pointi 2 kila mara. Pointi 4 kati ya 7 zilitoka kwa watu ambao kazi yao si kufunga.

Sasa tushuke uwanjani. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Mtazamaji hukasirika kwenye jaribio la tatu pasi inapoanguka, lakini ugonjwa huwa umeingia kwenye la kwanza. Kipimo cha makocha wengi ni hiki: jaribio la kwanza lilete nusu ya yadi zinazotakiwa, la pili lilete asilimia 70 ya zilizobaki, la tatu na la nne zimalize. Ukipata yadi 5 mwanzoni, adui hajui utakimbia au utapasi. Ukipata yadi 1, unakwenda kwenye jaribio la pili ukiwa na 9, halafu la tatu na 7 au 8, na hapo kila mtu uwanjani, pamoja na muuza karanga, anajua pasi inakuja.

Kwa nini jaribio la kwanza lilete yadi 1? Hesabu vichwa. Kila upande una watu 11. Kotabeki, yaani mrusha pasi, akishampa mkimbiaji mpira, wao wawili hawazuii mtu, kwa hiyo wanabaki wazuiaji 9 dhidi ya walinzi 11. Wale wawili wa ziada huwezi kuwasukuma. Dawa yao ni kuwatisha. Wakiogopa pasi ndefu watasimama mbali, na boksi, lile eneo la katikati karibu na mpira, litabaki na watu wanaoweza kuzuiwa. Wasipoogopa wanasogea. Iowa hupenda kupanga mabwana wakubwa: wazuiaji watano wa mbele, mataiti-endi wawili (wazuiaji wa ubavuni ambao pia hupokea pasi), pengine na fulbeki, mzuiaji anayeanzia nyuma. Hao ni wazuiaji 8 waliorundikana sehemu moja. Adui naye anajaza watu 9, kwa sababu huko pembeni hakuna mpokeaji wa kumnyima usingizi. Nguvu si tatizo hapo. Unapigana na mtu mmoja ambaye huna wa kumpa.

Kukimbia kwenyewe kwa Iowa ni kule kwa eneo: wazuiaji wote watano wa mbele wanapiga hatua upande mmoja kwa pamoja, kila mmoja anamchukua aliye kwenye njia yake, na mkimbiaji anasubiri ufa ufunguke. Ni mbinu nzuri, ila haisamehi. Mmoja akichelewa nusu hatua, adui anapita kwenye pengo lake na mkimbiaji anakamatwa kabla hajafika hata mstari wa mpira ulipoanzia. Anayeshika mpini ni senta, maana ndiye anayetoa mpira na ndiye anayewaelekeza wenzake nani amchukue nani. Mwaka 2022 Iowa walimpoteza Tyler Linderbaum, senta aliyechukuliwa na timu ya kulipwa ya Baltimore Ravens kwenye raundi ya kwanza ya uteuzi, na pengo lake likazibwa na vijana waliokuwa bado wanajifunza. Mkataba haukuwa na kifungu cha hilo.

Halafu kuna danganya toto, yaani kotabeki kujifanya anampa mkimbiaji mpira kisha kupiga pasi. Watu hudhani siri iko mikononi mwa kotabeki. Iko kwenye kofia za wazuiaji wa mbele. Mabeki wa kati wa adui wamefundishwa kuzitazama: kofia ikibaki chini, ni kukimbia, ikipanda, ni pasi. Mzuiaji mmoja akisimama wima mapema, beki anarudi nyuma hatua tatu na ile nafasi ya yadi 12 katikati ya uwanja inafungwa. Hatua mbili za kwanza za pasi zinatakiwa zifanane kabisa na za kukimbia. Hilo hurekebishwa kwa kurudiarudia, na muda wa kurudia ni mchache: sheria ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na siku ya mechi yenyewe inahesabiwa saa 3. Zinazobaki 17 zigawe kwa kunyanyua vyuma, kutazama video na kuingia uwanjani. Kocha anayeongeza mbinu mpya kila wiki anapunguza marudio ya zile za zamani.

Kotabeki naye. Ukuta wa wazuiaji wa mbele ukivuja, ana kama sekunde mbili na nusu. Anarudi hatua tano, anaruka kidogo kujiweka sawa, anarusha. Akiwa ameshagongwa mara tatu, miguu yake huanza kukimbia kabla ya macho: anarusha akiwa ameegemea nyuma, na mpira unapita juu ya kichwa cha mpokeaji au unachimba nyasi. Kocha, kwa kuogopa, anafupisha njia za wapokeaji, na ndipo unapoona kioja cha kutakiwa yadi 8 halafu mpokeaji anageuka kwenye yadi 5. Septemba 30, 2023, kotabeki Cade McNamara aliumia goti dhidi ya Michigan State, na wa akiba, Deacon Hill, akabebeshwa msimu uliobaki. Chini ya nusu ya pasi zake zilifika. Dhidi ya Wisconsin Iowa walishinda 15-6 kwa yadi 37 tu za pasi. Mbio moja ya mkimbiaji Leshon Williams ya yadi 82 ndiyo iliyoleta tachidauni. Wiki chache kabla, huko Penn State, walifungwa 31-0 wakiwa na jumla ya yadi 76. Kumzomea kijana peke yake kwa hayo ni uonevu.

Sasa swali ambalo mashabiki hawapendi kulisikia: je, Kirk alikuwa anakosea? Yeye alikuwa anapaki basi, na basi lilikuwa linafika. Alikuwa na Tory Taylor, mbutuaji kutoka Australia, yaani mpiga teke anayeupeleka mpira mbali timu inapokwama, ambaye mwaka 2023 aliubutua mpira jumla ya yadi 4,479, rekodi ya NCAA kwa msimu mmoja, akatwaa tuzo ya Ray Guy ya mbutuaji bora wa vyuo. Ukiwa na mguu wa namna hiyo na walinzi wa Parker, kuubutua kwenye jaribio la nne hakuonekani kama kushindwa. Unamwambia adui atembee yadi 85 kama anaweza. Wengi hawakuweza. Iowa walishinda mechi 10 msimu ule na kuongoza kundi la magharibi la ligi yao, Big Ten, wakiwa wa mwisho nchini kwa yadi za mashambulizi. Hesabu hiyo ilikataa walipokutana na wanaoweza: 26-0 kwa Michigan kwenye fainali ya ligi, kisha 35-0 kwa Tennessee siku ya mwaka mpya. Ukishafungwa mawili ya mapema, basi halina gia ya kurudi.

Kuhusu baba na mwana tuseme wazi. Kwa karatasi, kwa kuwa chuo hakiruhusu mtu kumsimamia nduguye, Brian aliripoti kwa mkurugenzi wa michezo. Mkurugenzi hasimami mazoezini Jumanne kuangalia kofia ya nani imepanda. Anachoweza kupima ni pointi, kwa hiyo akapima pointi. Mtu pekee mwenye jicho la kumsahihisha kocha wa mashambulizi kila siku alikuwa kocha mkuu, na huyo ndiye ambaye kwa karatasi hakuwa msimamizi wake. Kwa maoni yetu, hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko mbinu yoyote.

Mwaka 2024 alikuja kocha mpya wa mashambulizi, Tim Lester. Wastani ukapanda hadi pointi 27.7, na mkimbiaji Kaleb Johnson akakimbia yadi 1,537 na tachidauni 21. Wengi wakasema mnaona? Tunaona, lakini tunaona mambo mawili. Lester alianza kumhamisha mchezaji mmoja pembeni kabla mpira haujatolewa, na kule kuhama tu kunamlazimisha beki mmoja kuchagua, ndipo yule mtu wa ziada anapotoka kwenye boksi. Hilo ni lake. Ila ukuta wa mbele ulikuwa na watu walewale, Mason Richman, Connor Colby, Logan Jones, Gennings Dunker, waliokuwa wanafunzi wa kazi mwaka 2022 na sasa wamekomaa. Hilo si lake. Na pasi bado zilikuwa haba.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mkichapisha matokeo ya mchezo huu, chini ya pointi ongezeni mstari mmoja: wastani wa yadi kwenye jaribio la kwanza, na mara ngapi kotabeki ameangushwa. Mzazi anayekaa jukwaani Ijumaa usiku kumtazama mwanawe akizuia, kazi isiyoandikwa pointi hata moja, atapata cha kusoma.

Wasomaji wenu,
Iowa City, Marekani