YAH: Malalamiko kuhusu mashine ya kuchomelea yenye injini, na kauli niliyopewa tawi lenu la Mbeya

Kwa Meneja Mkuu,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya udhamini unayajua kuliko mimi, na risiti ya EFD nimeiambatanisha, kwa hiyo sitakuchosha kwa kueleza nilinunua lini na kaunta ipi. Nakuandikia kwa sababu msimamizi wenu wa huduma pale Mbeya, mbele ya wateja wasiopungua kumi, aliniambia hivi: "Mzee, mashine haina ubovu. Mkono wako ndio mbovu." Kisha akatupa kipande cha bati miguuni pangu na kumwita mteja anayefuata.

Nina miaka 22 kwenye kazi hii. Mageti, mabodi ya malori, minara ya maji, mabomba. Mkono huo anaousema ndio umesomesha watoto wangu.

Kabla sijatoa hata shilingi nilimwandikia muuzaji wenu wa Dar es Salaam kwa WhatsApp, na ujumbe wote ninao. Nilimwambia kazi iko Makete, upande wa Kitulo, mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, hakuna nguzo ya umeme. Nilimwambia ni mnara wa tenki la maji, miguu yake inakaa juu ya mabamba ya milimita 12, na kwamba natumia vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 vya milimita 4, ambavyo kwa mkono wangu vinataka ampea kama 160 za DC, na si kwa dakika mbili, kutwa nzima. Nilimwambia pia mashine itabebwa mabegani kutoka gari linapoishia. Nikaomba picha ya kibati kinachoonyesha vipimo vya mashine. Akanitumia picha ya mbele tu, ile iliyobandikwa 200A kwa maandishi makubwa kama kiganja, na maneno haya: "Mzee hiyo ndiyo yenyewe, hata juu ya Kilimanjaro inapiga kazi."

Kibati chenyewe kiko nyuma, chini ya tenki la mafuta, nacho nilikisoma mashine ikiwa imeshafika mlimani. Kinasema ampea 200 ni kwa asilimia 35. Wewe unajua maana yake, na muuzaji wako alipaswa kujua: katika kila dakika kumi unachomelea tatu na nusu, sita na nusu mashine inapumzika. Kwa asilimia 60 inashuka hadi ampea 150. Yaani hata ningekuwa Tanga ufukweni, isingenitosha kwa kazi niliyoieleza.

Na Makete si Tanga. Kitabu chenu wenyewe, kile kilichokuja ndani ya boksi, kinaeleza kwamba injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Pigeni hesabu mpaka mita 2,500. Ni karibu asilimia 29. Injini mliyoniuzia kuwa ina nguvu za farasi 13 kule juu inabaki na kama 9, na hapo ni kama kabureta imebadilishiwa jeti ya mwinuko, kile kitundu kinachopima petroli. Haikubadilishwa. Hewa ni nyepesi, kabureta inamwaga petroli ile ile ya Dar, injini inakaba na kutoa moshi mweusi. Nilifungua plagi siku ya pili nikaikuta imejaa masizi, nyeusi kama sufuria ya kuni.

Niruhusu nikuonyeshe mshono wenyewe, maana picha mlizipokea na hakuna aliyezijibu. Unagusisha kijiti, kinanata. Unakikwanyua, moto unawaka, injini inalia na kushuka sauti, na chuma kinajilaza juu ya bamba kama uji uliomwagika mezani. Ukikwangua gaga, lile ganda linalofunika mshono, unaona mshono umevimba katikati, kingo zake hazijashika. Niliupiga mmoja kwa nyundo ya kilo mbili, pigo moja, ukabanduka wote pamoja na chuma chake cha pembe. Chini yake bamba lilikuwa bado na rangi yake ya kiwandani. Juu ya kitu kama hicho lingekaa tenki la lita 10,000, na chini yake wangesimama akina mama na ndoo zao. Mhandisi alikataa maungio 11. Alikuwa sahihi, nami nilimwambia yuko sahihi.

Ndipo nikaishusha Mbeya, vijana wanne na miti miwili mpaka barabarani, kisha pikapu ya kukodi tangu saa kumi alfajiri kwenye baridi ya Kitulo mwezi wa saba. Tulifika saa tatu asubuhi. Tuliitwa saa nane mchana.

Na hapa, Ndugu Meneja, naomba usome polepole, kwa sababu nina hakika taarifa uliyopewa ni nyingine. Msimamizi hakufungua plagi. Hakugusa chujio la hewa wala kabureta. Hakuleta kipimo cha ampea. Nilimpa vijiti vyangu vya 7018, vile vile vya milimita 4, navyo nilivitunza vikavu kwenye boksi lake, akavisogeza pembeni kwa kiwiko. Akachukua kijiti chake cha 6013 cha milimita 2.5, kinachotaka ampea 80 hivi, akachora mstari wa urefu wa kidole kwenye kipande cha bati nene. Sekunde tano, labda sita. Ikawaka, bila shaka ikawaka! Hata mashine ya kuchomelea fremu za madirisha ingewaka. Akainua kioo usoni, akawatazama waliopanga foleni, si mimi, akasema: "Mzee, mashine haina ubovu. Mkono wako ndio mbovu." Watu wakacheka. Akakitupa kile kipande miguuni pangu kikiwa bado cha moto, kikatua kwenye ndala za kijana wangu na kuacha tundu. Kijana huyo nimemfundisha miaka minne. Alikuwa anatazama sakafu. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Halafu nikaambiwa siwezi kuondoka na mashine yangu mpaka nisaini karatasi iliyoandikwa "haina tatizo". Nilisaini kwa sababu pikapu ilikuwa inanidai. Saini hiyo naitangua kwa barua hii.

Nilikuwa nimepanga kuomba mnibadilishie tu, mnipe kubwa zaidi niongeze fedha. Ningeambiwa ukweli tangu mwanzo ningefanya hivyo bila manung'uniko, au ningechomelea miguu yote Mbeya mjini kwa umeme wa TANESCO na kule juu nikafunga kwa bolti. Njia zipo. Fundi anayekwenda porini anachagua mashine kwa mambo anayoambiwa na muuzaji: ampea ngapi kwa asilimia ngapi, DC au AC, uzito, mafuta, mwinuko. Mimi nilieleza mahitaji yangu kabla ya kuulizwa, na mkaniuzia stika.

Sasa sitaki kubadilishiwa. Nataka fedha zangu zote, shilingi 3,650,000. Nataka na shilingi 720,000 nilizolipa kukodi mashine nyingine siku tisa ili kijiji kisikose maji kwa ajili yangu, na shilingi 180,000 za pikapu kwenda na kurudi. Jumla ni shilingi 4,550,000, na stakabadhi zote zimo kwenye bahasha. Nataka pia barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na msimamizi huyo, ikitaja maneno aliyoyasema, na iandikwe kwangu na kwa kijana wangu. Fedha bila barua hiyo sitazipokea kama mwisho wa jambo.

Nilitaka kuwapa siku 30. Lakini mlikaa na picha zangu siku 19 bila hata kusema mmezipata, kwa hiyo ni siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Zikipita, nakala itakwenda Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji, pamoja na ujumbe wa WhatsApp wa muuzaji wenu na picha za stika ya mbele na kibati cha nyuma. Siku hiyo hiyo nafungua madai mahakamani chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa sababu mteja akieleza kazi anayotaka kuifanya na akategemea ujuzi wa muuzaji, kitu anachouziwa kinatakiwa kiifae kazi hiyo. Nina mashahidi wa pale kaunta. Wawili kati ya waliocheka walinifuata nje na kunipa namba zao.

Na kama atatokea mtu wenu kunipigia simu kuniambia nilete mashine Mbeya ikaguliwe tena, jibu ni hapana. Njooni nyinyi Makete, na vijiti vya 7018 vya milimita 4, na kipimo cha ampea. Mashine ipo karakanani kwangu chini ya turubai, plagi nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ikiwa na masizi yake, na lile bamba lenye mshono uliobanduka nimeliweka juu yake.

Wako,
Mteja na fundi mchomeleaji,
Makete, Njombe