Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa vitabu vya kiada
YAH: NENO MOJA KWENYE UKURASA WA 41

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, kama kilivyohusika katika barua zangu tatu zilizoko mezani kwako, ikiwa bado ziko.

Kitabu chenu cha sayansi kinasema: "Viumbe hai wote hupata chakula kutokana na nishati ya jua." Niliandika kwamba si wote. Nikapigiwa simu, kwa upole sana, nikaahidiwa kuwa toleo lijalo litarekebishwa. Toleo lijalo limetoka. Jalada jipya, twiga mpya, sentensi ile ile.

Nilishaamua kunyamaza. Lakini wiki iliyopita yamerudi majibu ya mtihani wa utamilifu. Kweli au si kweli: sentensi yenu, neno kwa neno. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa mvuvi, kaandika "si kweli". Akawekewa mkasi. "Mwalimu, si wewe ulitufundisha?" Sikuwa na la kumjibu.

Nilichomfundisha ni hiki. Februari 1977 nyambizi iitwayo Alvin ilishuka karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita 2,500 hivi, giza totoro. Waliokwenda kutafuta chemchemi za maji moto walikuwa watu wa miamba. Mtaalamu wa viumbe hakuwamo hata mmoja. Wakakuta makombe, kaa, na minyoo mirefu kuliko mimi. Mnyoo huyo hana mdomo wala utumbo. Mwilini mwake wamo bakteria wanaotengeneza chakula kwa gesi ya salfa itokayo chini ya sakafu ya bahari, ile inayonuka yai viza. Jua halimo.

Mtaalamu wako aliniambia hayo ni "mambo ya Ulaya". Galápagos si Ulaya, lakini tuyaache. Mwaka 2000 Wajapani walizikuta chemchemi za Kairei ndani ya Bahari ya Hindi, bahari hii hii ninayoisikia ikivuma nikiandika. Maji yake yanapita nyuzi 300 na hayachemki, kwa jinsi bahari inavyoyakandamiza. Kuna konokono huko mwenye magamba ya madini ya chuma mguuni. Mwaka 2019 aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, kwa hofu ya wachimba madini. Kwenye kitabu chenu hata hajazaliwa.

Najua utasema wengi wao wanatumia oksijeni, nayo imetoka kwa mimea ya juani. Sawa. Swali lilihusu chakula.

Labda kuchapa upya ni gharama. Labda aliyeandika ni mkubwa mno kusahihishwa na mwalimu wa kijijini. Mimi nina watoto 94 darasani na chaki nanunua mwenyewe. Siombi chaki. Siombi kitabu. Palipoandikwa "wote", andikeni "wengi". Inaongezeka herufi moja tu, Ndugu Mkurugenzi. Moja.

Na alama ya yule binti irudishwe.

Wako mtiifu, bado,
Mwalimu wa Sayansi, Darasa la Saba