Barua ya wazi kwa wanangu mnaofanya mitihani ugenini kwenye baridi

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sikutaka kungoja ipoe. Ikipoa nitaanza kuwabembeleza, na kwa jambo hili mmeshabembelezwa vya kutosha.

Kijana wetu mmoja ameondolewa chuoni. Kwa lugha yenu, amedisko. Jina lake silitaji, wala chuo sikitaji. Mimi hufanya zamu ya jioni maktabani, na yeye alikuwa hakosi pale: meza ile ile ya ghorofa ya pili, koti halijavuliwa, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Novemba ilipofika katikati akatoweka. Nikawauliza wenzake. "Yupo, Mama, anapiga msuli chumbani," yaani anasoma kwa bidii.

Hakuwa anapiga msuli. Alikuwa analala mchana kutwa, usiku kucha anakodolea dari, simu ameizima. Mtihani wa kwanza ulimpita akiwa kitandani. Wa pili alijikaza akatoka, basi likacheleweshwa na theluji, akakuta mlango umefungwa, akageuka akarudi bila kumwambia mtu yeyote neno. Wa tatu hata viatu hakuvaa. Na siku hiyo hiyo akamwandikia mama yake: "Mitihani inaenda vizuri, niombeeni."

Kufeli hakuniumi. Watu hufeli, wakarudia, wakawa madaktari na wahandisi. Kinachonichoma ni kwamba kila kilichompata kijana yule kilikuwa na dawa yake, na dawa yenyewe ilikuwa barua pepe.

Sikilizeni vizuri. Vyuo vya Ulaya na Amerika Kaskazini, karibu vyote, vina utaratibu wa kumsaidia mwanafunzi aliyepatwa na ugonjwa, msiba au dharura. Majina hutofautiana, kazi ni moja: unaomba muda uongezwe, au mtihani uahirishwe, au matokeo yaangaliwe kwa kuzingatia yaliyokupata. Sharti kubwa ni wakati. Ukiomba kabla ya mtihani, au siku ile ile, unasikilizwa. Ukija wiki tatu baadaye, matokeo yameshabandikwa, unaonekana mtu anayetafuta visingizio, hata kama uliumwa kweli.

Ujerumani, anayeugua siku ya mtihani kwa kawaida hutakiwa aende kwa daktari mara moja na apeleke cheti. Asipopeleka anahesabiwa ameshindwa, na katika fani nyingi, mtihani huo huo ukikushinda mara ya tatu basi fani hiyo umeiaga. Marekani, mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, akipunguza masomo chini ya kiwango bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, anahatarisha haki yake ya kukaa nchini. Lakini huyo huyo akitangulia ofisini na barua ya daktari, kanuni zinamruhusu apunguze mzigo kwa sababu ya ugonjwa na abaki halali. Mtu mmoja, ugonjwa mmoja, nchi moja. Tofauti ni kwamba mmoja alisema mapema na mwingine alinyamaza.

Na kusema kwenyewe ni sentensi tatu. Jina lako na namba ya usajili. Mtihani gani, siku gani. Umepatwa na nini na unaomba nini. Basi. Hutakiwi kueleza historia ya ukoo, hutakiwi kujidhalilisha, hutakiwi kusubiri mpaka upate Kiingereza kizuri. Mhadhiri wa huku hahesabu ukimya wako kuwa ni heshima. Anauhesabu kuwa hujali.

Binti mmoja alikuja kwenye dawati langu usiku, maktaba imebakiza watu wachache. Akaulizia kitabu cha takwimu. Nikamwonyesha kilipo. Hakukifuata, alibaki amesimama mbele yangu, mikono ndani ya mifuko ya koti. Nikamwambia, mwanangu, kaa. Akakaa, akalia, akasema hajalala vizuri tangu saa zirudishwe nyuma kwa majira ya baridi, na hakumbuki alichokisoma jana. Hatukufanya miujiza. Tuliandika zile sentensi tatu pale pale kwenye kompyuta ya maktaba. Asubuhi mshauri wake wa masomo akamjibu, wakakutana, akaelekezwa kwa daktari wa chuo, mtihani ukasogezwa hadi Januari. Alipata alama za wastani. Sasa yuko mwaka wa mwisho. Hakuwa na akili kuliko yule kijana, na sidhani alikuwa jasiri kuliko yeye. Alipata tu mtu wa kumwambia "kaa".

Najua kwa nini mnaficha. Mlisindikizwa uwanja wa ndege na ukoo mzima, mmebeba majina ya watu ambao hawajawahi kupanda ndege, na picha zenu zimewekwa sebuleni kabla hata hamjafanya jaribio la kwanza. Nani atathubutu kupiga simu aseme "nimeshindwa kuamka"? Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na safari hii kilio kimefika kwa mama aliyekuwa ameshawatangazia majirani mwezi wa mahafali.

Hapa niwageukie wakubwa wenzangu, kwa sababu watoto hawa hawakujifunza kuficha peke yao.

Ninyi wazazi na ndugu mlioko nyumbani, wiki ya mitihani mnajua ni wiki ya mitihani, na bado simu haiachi kulia. Ada ya mdogo wake. Bati. Deni la mjomba. Mtoto anatoka kwenye chumba cha mtihani, vidole vimekufa ganzi, anawasha simu akute orodha ya madai. Mnamuuliza lini anamaliza, lini anatuma, lini anarudi. Muulizeni kama amelala. Muulizeni kama amekula. Akisema ni mgonjwa, msimjibu kwamba baridi haijamuua mtu.

Na sisi wa vyama vya ughaibuni. Kwa misiba tuko hodari, nasema hivyo kwa heshima kabisa. Mtu akifariki, kamati imeundwa usiku ule ule, na baada ya siku chache gharama za kusafirisha jeneza zimepatikana. Mwanafunzi aliye hai, anayezama chumbani umbali wa vituo viwili vya basi kutoka tunapofanyia vikao, hana kamati. Hana hata mtu mmoja aliyepewa kazi ya kumgongea mlango. Nimelisema hili kwenye kikao na nikaambiwa vijana wa siku hizi hawapendi kuingiliwa. Tumejaribu kuwaingilia tukakataliwa? Tungewagongea kwanza, halafu tuzungumze habari ya kupenda na kutopenda.

Wanangu, narudi kwenu, na sasa nazungumzia giza, maana wengi mnadhani adui ni baridi.

Aliyezaliwa karibu na ikweta amezoea saa kumi na mbili za mchana mwaka mzima, mwili wake haujui mpango mwingine. Helsinki, wiki ya Krismasi, jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kama saa tisa na robo alasiri. London huzama kabla ya saa kumi. Tromsø, kule kaskazini mwa Norwei, halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Ukiamka saa sita mchana kwa sababu ulikesha, umeshapoteza nusu ya mwanga wote wa siku, na ukiwa chumbani pazia limefungwa, umeupoteza wote.

Daktari Norman Rosenthal alitoka Johannesburg akaenda Marekani kusomea magonjwa ya akili, akajiona jinsi nguvu zinavyomwishia majira ya baridi na kurudi majira ya kuchipua. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakaueleza ugonjwa huo kitaalamu: huzuni inayokuja na majira, usingizi usioisha, hamu ya kula wanga, akili nzito, kujitenga na watu. Angalieni hiyo orodha, halafu mkumbuke mara ngapi mmemwita mwenzenu mvivu mwezi Desemba. Mara ngapi mmejiita wavivu ninyi wenyewe. Mara ngapi mmeambiwa ni mkono wa mtu.

Ni ugonjwa, na unatibika. Ziko taa maalumu zenye mwanga wa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Mtu hukaa mbele yake kama nusu saa asubuhi baada ya kuamka. Muulize kwanza daktari wa chuo, hasa kama una tatizo la macho au unatumia dawa. Kuna vyuo vinavyowawekea wanafunzi taa hizo. Hata bila taa, toka nje asubuhi, hata kukiwa na mawingu, kwa kuwa mwanga wa nje wa siku ya mawingu bado unaushinda ule wa balbu ya chumbani kwa mbali. Mshauri wa afya ya akili wa chuo kwa kawaida amelipiwa na ada yako, nenda. Na ukifika mahali unawaza kujitoa uhai, usingoje miadi: Marekani na Kanada piga 988, Uingereza piga 116 123, mchana au usiku. Wanaopokea simu hizo hawatakucheka, wala hawatawapigia wazazi wako simu kuwasimulia.

Mengine nitayapitia haraka haraka, mengi mnayajua na hamyafanyi.

Vitamini D: Uingereza hushauri watu wote wafikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku kipindi cha vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Kahawa ya saa kumi na mbili jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tano usiku. Kukesha kuamkia mtihani kunaharibu kile kile ulichokikeshea, kwani ubongo hukipanga ulichosoma wakati umelala. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine kuliko koti zito juu ya fulana. Kwenye miji kama Winnipeg, Kanada, baridi ya upepo, yaani baridi jinsi mwili unavyoihisi upepo ukivuma, ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Sikio au kidole kikiwa cheupe na hakisikii, usikisugue, ingia ndani ukipashe moto taratibu, na kisiporudi katika hali yake nenda hospitali. Siku ya mtihani toka na basi linalotangulia lile la kawaida yako. Hita ya umeme usiiunganishe kwenye waya wa kurefushia, na usianike nguo juu yake. Mkaa usiwashwe ndani ya nyumba kwa sababu yoyote ile: moshi wake una gesi isiyoonekana wala kunuka, mtu hulala asiamke. Hili nimeliona likijadiliwa na watu wazima wenye shahada, eti dirisha liachwe wazi kidogo. Hapana.

Kazi za vibarua: Uingereza mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, Kanada ni saa 24 kwa kazi za nje ya chuo. Anayekudanganya kwamba zamu za usiku za fedha taslimu hazijulikani, hatakuwepo siku viza yako inapokataliwa. Na ninyi mnaowaandikia wengine insha kwa malipo, au mnaonunua mkizidiwa: acheni. England ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai, na chuo kikikugundua, zile sentensi tatu hazitakusaidia.

Jambo moja bado. Mitihani ikiisha, mabweni hubaki matupu. Wenyeji huenda kwao, ofisi za chuo hufungwa, mabasi hupungua, na Uingereza treni hazitembei siku ya Krismasi. Wengi wa niliowaona wakizama, walizama wiki hizo, sio wakati wa mitihani, kwa sababu mtihani angalau ulikuwa unawatoa kitandani. Kwa hiyo, kabla ofisi hazijafungwa, uliza kama bweni lako litabaki wazi na kama joto litawashwa. Chukua dawa zako za kukutosha. Kubaliana na mtu mmoja, mmoja tu, mpigiane kila siku saa fulani, na asiyepokea afuatwe hadi mlangoni. Mkibaki wengi ghorofa moja, pikeni pamoja angalau jioni.

Yule kijana bado yuko mjini. Ana haki ya kukata rufaa, na daktari amemwandikia barua. Tunaipeleka Jumatatu, mimi na yeye. Anayejua kuandika rufaa za namna hiyo kwa Kiingereza cha ofisini, anitafute kabla ya Jumapili. Na kila anayebaki likizoni anitumie jina na chumba chake, nipange nani atamgongea nani.

Mama yenu wa maktabani