Risala ya Wastaafu wa Jeshi, Wajane na Yatima wa Bombo kwa Mgeni Rasmi: Kusahihisha Kumbukumbu za Utumishi

Afande Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji,
Mashehe na wachungaji wetu,
Wazee wa mji, wastaafu wenzangu, mama zetu wajane, vijana, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Afande, kukukaribisha Bombo kunatutia haya kidogo, maana maafisa wengi wa jeshi letu wamelala katika kambi ya hapa kabla baadhi yetu hatujajenga hata jiko. Mji huu na jeshi ni ndugu. Babu zetu Wanubi, wenye asili ya Sudan, waliokuja na Kapteni Lugard wa Uingereza kutoka Kavalli, kando ya Ziwa Albert, mwaka 1891 walikuwa askari. Watoto wao wakaingia Batalioni ya Nne ya King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza, ile iliyotokana na Uganda Rifles mwaka 1902. Wajukuu wakaingia Uganda Army baada ya uhuru, na sisi tuliofuata tukaingia UNLA, jeshi la serikali baada ya Amin, wengine NRA, jeshi la msituni ambalo Katiba ya 1995 ililipatia jina la UPDF, jeshi letu la leo. Katika ukumbi huu wamo watu waliowahi kulengana bunduki, na leo wanadhaminiana mikopo ya mbolea. Hilo tunajivunia.

Kikundi chetu kinaweka akiba kila mwezi, kinazika wafu wake, na kinasomesha yatima kwa kadiri ya uwezo. Hesabu zetu ziko kwenye bahasha uliyopewa, nami sitakuchosha nazo. Mgeni rasmi akija, kikundi huomba mashine ya kusaga, mabati au ng'ombe wa maziwa. Sisi mwaka huu tumekubaliana kuomba karani.

Afande, naomba nieleze. Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa karani wa kombania, kwa hiyo ninaisema meza ile kwa kuijua. Mstaafu akikaa mbele ya afisa wa malipo, anayezungumza si yeye. Linalozungumza ni faili. Ibara ya 254 ya Katiba yetu inasema mtumishi wa umma anapostaafu atapata pensheni inayolingana na cheo chake, mshahara wake na muda aliotumikia, na kwamba malipo hayo yafanyike upesi, kwa utaratibu, na yamfikie mlipwaji bila taabu. Najua askari ana sheria zake. Lakini mizani ni ileile: cheo, mshahara, muda. Vyote vitatu havitoki kinywani mwa mzee, vinatoka kwenye karatasi iliyojazwa na kijana mwenye kalamu, mara nyingi usiku, mara nyingi wakati kurutu mia wamepanga foleni nje.

Na karani huyo aliandika alichosikia. Akitoka upande wa Buganda, Ramadhani anaweza kuwa Lamazani. Akitoka Acholi, anaweza kuwa Ramatan. Mwenye jina hakuwa na kauli, maana kurutu haulizwi, kurutu huambiwa. Zaidi ya hapo, wengi wetu hatuna jina moja la familia linalorithiwa kwa baba kama Wazungu. Mtu ana jina la dini, ana jina la ukoo wake, ana jina la babu, na kila ofisi huchagua mawili inayoyapenda. Wakaja waliopigana vita vya msituni vilivyoanza Kabamba tarehe 6 Februari 1981. Hao waliacha majina ya nyumbani makusudi, ili wazazi wao wasichomewe nyumba. Jina la msituni likaingia kwenye orodha, likapata namba ya jeshi ya RA, likapandishwa cheo, likastaafu. Mwenyewe, kwa jina alilopewa na mama yake, yuko nje anasubiri.

Zamani haikuwa tatizo kubwa. Mkuu wa kikosi alikuwa anamjua askari wake kwa sura. Tangu vilipokuja vitambulisho vya taifa mwaka 2014, na malipo yakafungwa kwenye NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, na akaunti ya benki, kompyuta haimjui mtu kwa sura. Herufi moja ikipishana, pesa inasimama.

Tuna mzee hapa, yuko safu ya pili, hatanikasirikia nikimtaja bila jina. Alijiunga mwaka 1982 katika misitu ya Luweero, wilaya hii hii tuliyokaa. Faili lake linasema 1986, kwa sababu 1986 ndipo alipoandikwa kwa wino. Miaka minne ya njaa na risasi haimo. Afande, tuipige hesabu. Kwa kanuni ya pensheni ya watumishi wa umma, kila mwezi kamili wa utumishi humpa mtu sehemu moja ya 500 ya mshahara wake wa mwaka. Mtumishi akipotezewa miaka minne, amepotezewa miezi 48, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya mshahara wa mwaka, kila mwaka, mpaka aingie kaburini. Wanaosema ni kosa dogo la tarehe hawajakaa wakaigawanya.

Tena yuko aliyejeruhiwa Kaskazini. Alipelekwa hospitali, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi kikosini akakuta kikosi kimehama na jina lake lina neno moja mbele yake: mtoro. Kadi ya hospitali ipo. Mkewe aliificha ndani ya Biblia, na mpaka leo muhuri unasomeka. Neno hilo lilimnyima kiinua mgongo, sawa, pesa hutafutwa. Lakini watoto wake walikua wakiitwa watoto wa mtoro shuleni, na hilo mtu hawezi kulikopea kwenye kikundi.

Kwa wajane ndiko mambo yanakokuwa magumu zaidi. Marehemu alijaza fomu ya warithi akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akamwandika mama yake. Mama amekufa. Mke na watoto walikuja baadaye na hakuna aliyemkumbusha arudi kuongeza majina. Mjane anakwenda kwa Kabidhi Wasii Mkuu, afisa wa serikali wa mambo ya mirathi, anapata barua, anakwenda mahakamani, anapata hati ya usimamizi wa mirathi, anafika nayo kwenye dirisha la malipo, anaambiwa hati ina jina la marehemu lililo kwenye kitambulisho, na faili lina jina la msituni. Arudi mwanzo. Nauli nyingine, kiapo kingine, siku nyingine shamba halijalimwa. Hapo ndipo madalali wanapomkuta. Wanavaa vizuri, wanajua majina ya maafisa, wanadai wana mtu ndani. Wamekula pesa za wanachama wetu, na wengine wameondoka na karatasi za asili ambazo hatutazipata tena. Siku hizi kikundi kimekataza: hakuna mwanachama kutoa karatasi ya asili kwa mtu yeyote bila kupiga nakala mbili na kuziweka kwenye sanduku la katibu.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu waliniomba nilipunguze makali, nami nimekataa. Mstaafu akienda na malalamiko ya jina, jibu analopata mara kwa mara ni hili: nenda kwa wakili, ubadilishe jina, utangaze kwenye Gazeti la Serikali, urekebishe kitambulisho, kisha urudi. Yaani mzee aliyeitwa Ramadhani na baba yake kwa aqiqa mbele ya watu, aape kwamba kuanzia leo yeye ni Lamazani, ili afanane na kosa la karani. Wengine wameapa, maana njaa haingoji. Matokeo yake vyeti vya kuzaliwa vya watoto havifanani tena na baba, hati ya kiwanja haifanani na mwenye kiwanja, na siku atakapokufa mjane wake ataanza safari hiyohiyo kutoka upande wa pili. Sisi tunasema kosa lirekebishwe pale lilipofanyika. Kama kitambulisho ndicho kimekosea, tutakwenda NIRA, mamlaka ya vitambulisho, na kazi ya kubadilisha vitambulisho iliyoanza Mei 2025 imetusaidia kuwasukuma wazee wetu waende wakakague. Kama faili la jeshi ndilo limekosea, faili lirekebishwe. Baba wa mtu asibadilishwe.

Hatuombi upendeleo usio na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba karatasi zilizoko serikalini, na ofisi imewekewa siku 21 za kumjibu. Wazee wetu wengi hawajawahi kuliona faili lao wenyewe. Wanabishana na kitu wasichokijua.

Tunajua pia kwa nini ofisi ni ngumu. Jeshi letu lilikwisha kuumwa na askari hewa, watu waliokula mshahara bila kuwa na miili, na tangu hapo kila jina linatazamwa kwa jicho kali. Ni haki litazamwe. Na kusema kweli, wapo wanaojiongezea vyeo midomoni. Hata hapa kwetu kuna luteni waliozaliwa baada ya kustaafu. (Naona mnacheka, mnajuana.) Kwa hiyo hatuombi mtu asadikiwe kwa kusema tu. Tunaomba asikilizwe pamoja na ushahidi wake.

Wenzetu wa mbali wamepita njia hii. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1946, ilifungua njia ya kuwa na mabaraza ya raia ndani ya wizara za majeshi, ambayo kazi yake ni kusahihisha kumbukumbu za askari. Mwenye kosa hupeleka ombi kwa maandishi na vielelezo. Amewekewa miaka mitatu tangu alipoligundua kosa, ila baraza linaweza kumsamehe kuchelewa likiona haki inataka hivyo. Na tarehe 12 Julai 1973 moto ulipoteketeza ghala lao la kumbukumbu karibu na St. Louis, yakaungua mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18, hawakuwaambia wazee wao kwamba basi, hamkutumika. Walitafuta orodha za malipo, kadi za hospitali, karatasi zozote zilizobaki kwingine, wakajenga upya utumishi wa mtu kipande kwa kipande. Sisi hatukuunguliwa na ghala, lakini 1979 na 1985 na 1986, serikali zilipopinduliwa, kambi zilibadilisha mikono na karatasi zikapeperuka. Basi orodha ya mishahara ikubaliwe kuwa ushahidi. Kadi ya hospitali ikubaliwe. Na kwa miaka ya msituni, ambako hakukuwa na karatasi ya kumpa mtu, kiapo cha wenzake wawili au watatu wa kikosi kilekile, wakihojiwa kila mmoja peke yake na afisa anayeijua historia ya kikosi hicho, kikubaliwe pia. Harakisheni hilo, Afande. Mashahidi hao tunawazika.

Na sasa karani wetu. Kila mwaka kabla ya Tarehe Sita, siku ya jeshi ya kukumbuka 6 Februari, jeshi huwatoa madaktari wake likatibu wananchi bure, likasafisha hospitali na masoko. Tunashukuru, na hapa Bombo watu wamefaidika. Tunaomba pembeni ya hema la madaktari liwekwe hema jingine, na ndani yake makarani wa kumbukumbu na wa pensheni, wakiwa na afisa mwenye mamlaka ya kupokea ombi, na wakili wa jeshi wa kuapisha watu hapohapo. Mzee afike na karatasi zake, aonyeshwe faili lake linasema nini, aonyeshe penye kosa, apewe stakabadhi yenye muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Kisha ajibiwe kwa maandishi. Akikataliwa, aandikiwe kwa nini, ajue cha kuongeza au mahali pa kukata rufaa. Kwa sasa jibu la kawaida ni "rudi wiki ijayo", na hilo halina muhuri.

Kwa wale ambao bado wako kazini, tuna ombi fupi: askari asiletewe karatasi ya kustaafu asaini siku ya gwaride. Apewe nakala ya kumbukumbu zake miezi kadhaa mapema, asome mwenyewe jina, tarehe ya kujiunga, vyeo, warithi. Akiwa bado na gwanda ataheshimiwa akisema hapa pamekosewa. Akishalivua, mnajua.

Afande Mgeni Rasmi, mezani kwako lipo faili la kijani. Lina majina ya wanachama wetu wenye makosa kwenye kumbukumbu zao, namba zao za jeshi, kosa lenyewe kwa kila mtu, na nakala za vielelezo alivyonavyo. Walio hai tumeanza nao kwa umri, mkubwa kwanza. Wajane wamefuata. Tunaomba ulipokee mbele ya kikao hiki, na utusainie kwenye daftari letu kwamba umelipokea.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Wastaafu wa Jeshi, Wajane na Yatima wa Bombo