Mdogo wangu, kimeo cha mtoto kiacheni

Mdogo wangu,

Jana kwenye simu nilimsikia mtoto akilia. Sauti imekauka, kama jogoo anayejifunza kuwika. Nikamsikia na mama mkwe wako akisema akakatwe kimeo. Naandika hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeambiwa hivyo.

Kimeo hakihusiki. Sauti imekauka kwa sababu ya upasuaji aliofanyiwa. Mshipa wa damu aliofungwa pale juu ya moyo, kwa watoto wengi hujifunga wenyewe siku chache baada ya kuzaliwa. Wa njiti wako uligoma, na ungeachwa wazi damu ingezidi kumlemea mapafu. Msijilaumu kwa kisu; upasuaji huu ulianza 1938 huko Boston, kwa msichana wa miaka 7.

Tatizo ni jirani wa mshipa huo. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti wa kushoto una safari ya ajabu: unashuka kutoka kichwani mpaka kifuani, unazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, halafu unapanda tena kooni. (Hata twiga ni hivyohivyo, shingo yote ile kwenda na kurudi!) Kwenye kifua kidogo kama kile, ukivutwa au kubanwa kidogo tu, unalala. Hata daktari mwenye mkono mwepesi humtokea.

Sauti isikutishe. Mimi naogopa maziwa. Uzi usiposogea, koo halijifungi vizuri anapomeza, na maziwa huteleza kwenye njia ya hewa. Akipaliwa, midomo ikibadilika rangi, au kifua kikikoroma baada ya kunyonya, mrudishe hospitali usiku huohuo. Wapo wanaopaliwa kimyakimya, bila hata kikohozi, kwa hiyo omba daktari wa koo amtazame kwa kamera nyembamba ya kupitisha puani. Huenda akalishwa kwa mpira kwa muda, au ukafundishwa kumlaza ubavu anapokunywa. Usiyafanye maziwa mazito kwa kuchanganya kitu chochote bila kuelekezwa. Tumbo la njiti halina uvumilivu huo.

Kwa wengine mshipa wa fahamu huamka baada ya miezi kadhaa. Kwa wengine uzi wa kulia hujifunza kuvuka na kuufuata wa kushoto, na wapo wanaobaki na mkwaruzo.

Kimeo akikatwa, mtamwongezea kidonda na damu kwenye koo linalohangaika tayari. Mama akibisha, nipe niongee naye mwenyewe. Jumamosi natoka zamu saa nane.

Dada yako